Mashine Kumi na Mbili za Fundi Pole

Mteja mnono hatambuliwi kwa nguo wala kwa viatu. Fundi Pole alimtambua kwa namna alivyoibeba kompyuta yake. Aliyeibana kwapani kama mzigo wa kuni, huyo mwache aende zake, ndani hamna kitu ila michezo ya karata na nyimbo za kuazima. Lakini aliyeikumbatia kwa mikono miwili, kaivingirishia shuka, anavuka barabara huku akitazama kushoto na kulia mara mbili mbili kana kwamba amebeba kichanga, huyo amebeba maisha yake. Na maisha ya mtu, kwa fundi anayejua kazi, ni shamba lililokwisha kulimwa. Kilichobaki ni kuvuna.

Ndiyo maana Jumatatu ile asubuhi, alipomwona Mama Chapa akija na shuka lake la maua, alisimama, akavua kofia, akakunjua uso wa huzuni aliokuwa ameuweka tayari kwa wiki nzima.

Mama Chapa hakuna asiyemjua mtaani. Alikuwa mpiga chapa wa mahakama kwa miaka thelathini, na alipostaafu aliweka meza barazani kwake, akawa anawaandikia watu barua za kuomba kazi, za kuomba radhi na za kuomba posa, na wakati mwingine zote tatu kwa mtu mmoja ndani ya mwezi mmoja. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na sauti ya mtu asiyeweza kumdhuru nzi.

"Haiwaki, mwanangu," alisema. "Inaleta maandishi meupe kwenye weusi, halafu inakaa kimya. Na humu mna siri za watu."

"Pole sana, mama," alisema Fundi Pole.

Jina hilo alipewa na wateja wenyewe, kwa kuwa alikuwa hashiki bisibisi kabla hajatoa pole. Na aliitoa kwa sauti ya msibani, kichwa kainamisha upande, hata mtu aliyekuja kwa sababu ya waya uliolegea akajikuta anatafuta leso. Akishamlainisha, ndipo alipomuuliza swali lake kuu, swali lililomlisha kwa miaka mitatu bila kumwangusha hata siku moja.

"Mama, uliponunua hii mashine, walikupa sidii zake za kuokolea?"

Mama Chapa akasema hajui sidii gani hizo.

Hakuna aliyewahi kujua, na hapo ndipo penye ufundi. Fundi Pole akamweleza, taratibu, kwamba kila kompyuta huzaliwa na sidii zake, tatu au nne, na siku ikipoteza fahamu basi sidii hizo ndizo huirudishia roho. Bila sidii haiwaki. Wauzaji wengine, Mungu awasamehe, huzichomoa kwenye boksi. Ila asihofu, yeye ataagiza nyingine mbali huko zinakotengenezwa, na aiache mashine ili aipime.

Maneno hayo yalikuwa na ukweli wa kutosha kuuficha uongo. Ni kweli kuna kompyuta ambayo haiwezi kuwaka bila sidii za kuokolea: ni ile iliyotolewa diski yake, kile kisanduku chembamba cha ndani kinachotunza kila kitu, ikawekewa nyingine tupu. Na aliyekuwa akizitoa ni Fundi Pole mwenyewe. Mtu akileta mashine yenye ugonjwa wa kibofyo kimoja tu, yeye aliichomoa diski nzima, akaweka iliyochakaa, kisha akamwita mwenyewe aje ashuhudie kwa macho yake kwamba mashine inalilia sidii. Sidii zikifika (alizinunua kwa muuza vitu vikuukuu, na nyingi zilikuwa masomo ya kuogelea) zilikataa, kwa kuwa eti ni za toleo jingine. Hapo tena ilibaki pole tu. Mtu akarudi nyumbani na gamba la mashine, akiwa ameumwa na kupulizwa, na wengi walimshukuru kwa jinsi alivyojitahidi.

Diski zenyewe alizihifadhi kwenye kopo la biskuti, kila moja na kijikaratasi chake, akimsubiri mnunuzi wa jumla aliyepita mara moja kwa mwaka. Zilikuwa kumi na moja. Hakufuta yaliyomo. Kufuta diski moja kunakula nusu siku, na Fundi Pole hakuingia katika wizi ili afanye kazi.

Diski ya Mama Chapa ikawa ya kumi na mbili. Aliitoa kabla bibi wa watu hajafika kona ya barabara.

Sasa, alikuwa na zoea lake moja, nalo ni kukaa na kikombe cha chai akisoma mambo ya watu. Hakuwa na nia mbaya sana, alijiambia. Wengine husoma magazeti. Akaiunga diski ya Mama Chapa kwenye mashine yake, akapitia barua za posa, akacheka, akapitia za radhi, akacheka zaidi. Kisha akakutana na faili lililoandikwa kwa herufi kubwa: SIRI, USIFUNGUE.

Alilifungua kabla hajameza funda.

Ilikuwa barua iliyosubiri kupelekwa Ijumaa kwa mafundi wote wa mji. Mfadhili mmoja, asiyetajwa jina, anafungua chuo cha kompyuta katika ukumbi ulio nyuma ya soko. Anatafuta fundi mkuu. Fundi mkuu atapewa nyumba, gari na mshahara ambao Fundi Pole aliusoma mara tatu, mara ya tatu akiwa amesimama. Sharti ni moja. Mwombaji alete Jumamosi, saa nne asubuhi, mashine zilizotumika zisizopungua kumi na mbili, na zote ziwake zenyewe, bila sidii za kuokolea, kwa kuwa Mfadhili amechoshwa na mafundi wanaosingizia sidii. Zitakazokubaliwa atazilipia kwa bei ya mpya.

Fundi Pole alikaa chini polepole. Kumi na mbili! Aliliangalia kopo la biskuti. Kopo nalo, angeapa, lilimwangalia yeye.

Mtu mwingine angejiuliza imekuwaje hesabu ikaja sawasawa hivyo. Yeye hakujiuliza. Mjanja akipata bahati huidhania kuwa ni akili yake.

Siku hiyohiyo mchana alikwenda barazani kwa Mama Chapa. Alimwambia mashine yake inaendelea kupata nafuu, kisha, kama mtu anayefukuza inzi, akagusia kwamba amesikia fununu za chuo fulani. Mama Chapa akashtuka mpaka miwani ikamteremka. Akasema aliapishwa asimwambie mtu, na Mfadhili ni mtu mkali, na barua hazitoki kabla ya Ijumaa. Fundi Pole akambembeleza, akamwita mama mara kumi, akamwapia kwamba siri hiyo itaingia naye kaburini. Mwisho mama wa watu akalegea. Akaandika jina lake juu kabisa ya orodha, kwa kalamu, na kumsihi asimponze.

Fundi Pole aliondoka pale anatembea kwa vidole. Nyumbani alimkuta mkewe, msusi, akiwa na kichwa cha mteja mikononi na vibanio mdomoni. Kibanda cha fundi na chumba cha kusukia viligawana ukuta mmoja wa mbao, na kwa miaka yote ile mkewe hakuwahi kuuliza mambo ya upande wa pili. Fundi Pole akamwambia ajishonee gauni, Jumamosi anataka amwone mumewe akipewa ukubwa. Msusi akatoa vibanio mdomoni, akasema ni jambo jema sana, mume wangu, nami nilikuwa nikiliomba.

Kilichomsumbua kilikuwa kimoja. Diski anazo, ila magamba yako kwa wenyewe. Na diski, wanavyosema mafundi, haikai vizuri katika nyumba ya wengine: ukiitia kwenye mashine isiyo yake inagoma, na ikigoma, itakachotaka ni hizohizo sidii za kuokolea. Fundi Pole, aliyekuwa amewauzia watu sidii kwa miaka mitatu, hakuwa na sidii moja ya kweli. Kwa hiyo hakukuwa na njia ila kila diski irudi mahali ilipozaliwa.

Jumanne na Jumatano akazunguka mji kuomba magamba.

Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Alianza kwa mkunga, mwanamke mwenye mikono ya kumtoa nyati kwenye tope, aliyepoteza kumbukumbu za watoto mia nne aliowazalisha. Akamwambia ile mashine iliyokufa inamchukulia nafasi bure, ampe akaitupe. Mkunga akamtazama kwa muda, akasema haya. Mpiga picha akasema haya kabla hata ombi halijamalizika. Fundi cherehani, aliyekuwa ameweka mashine yake chini ya kiti kama kigae, alimsaidia kuitoa hadi nje.

Kila mmoja alikuwa na ombi dogo tu, atie saini kijikaratasi, eti cha kumbukumbu. Vijikaratasi vilikuwa vimepigwa chapa vizuri, maneno machache, vyote vya namna moja. Fundi Pole alitia saini kila kimoja bila kushusha macho. Anayeishi kwa kuandika uongo huwa hana hamu ya kusoma.

Wa mwisho alikuwa Mzee Saa. Huyu alikuwa mtengeneza saa, mzee mwembamba aliyefiwa na mkewe mwaka uliopita, na dukani kwake saa arobaini zilikuwa zikigonga kila moja kwa wakati wake. Hakutoa mashine upesi kama wenzake. Aliiweka mezani, akaifuta vumbi kwa kiganja.

"Itawaka tena kweli?" aliuliza.

Fundi Pole alikuwa na jibu lake tayari, lile la pole. Hakulitoa. Akasema labda, akatia saini, akatoka akiwa na haraka ambayo hakuielewa.

Labda alikuwa anaielewa kidogo. Katika diski zote za kopo, ya Mzee Saa ndiyo aliyoizoea. Ilikuwa na sauti ya marehemu mkewe. Mzee alikuwa amemrekodi bila yeye kujua, siku za kawaida tu, akiwa jikoni, akiwa mlangoni, na mara nyingi akiwa anamgombeza mumewe kwa sababu ya saa mbovu alizokuwa akizileta nyumbani. Fundi Pole alikuwa akiiweka sauti hiyo kibandani wakati wa kazi, kama wengine wanavyoweka redio. Mwanamke yule alijua kugomba. Aligomba kwa mpangilio, kwa mifano, bila kurudia neno, na mwisho wa kila gombezo alishuka taratibu akauliza kama mtu amekula.

Alhamisi na Ijumaa alifunga mlango akafanya kazi. Alifungua mashine moja moja, akatoa diski chakavu, akarudisha ya mwenyewe, akapangusa vumbi, akakaza skrubu. Alipokuwa hapo, akaona vipepeo vya kupoza mashine vimejaa uchafu, akavisafisha, kwa kuwa Mfadhili ni mtu mkali. Ya mkunga ilikuwa na kibofyo kilicholegea, akakiimarisha. Ya kwanza alipoiwasha ikanguruma, ikakohoa, ikatoa mwanga wa buluu, kisha ikaleta kisanduku cha kuomba neno la siri. Haikuomba sidii wala chochote. Ya pili hivyohivyo. Kufikia Ijumaa alasiri zilikuwa kumi na mbili mezani na sakafuni, zinavuma kwa pamoja kama mzinga wa nyuki, na Fundi Pole akajikuta amesimama katikati anatabasamu, mikono michafu, bila kuwa ametapeli mtu yeyote kwa siku mbili mfululizo. Ilimtia wasiwasi. Akajikumbusha ile nyumba na lile gari, akatulia.

Kuhusu maneno ya siri hakujali. Mfadhili ataka ziwake, zimewaka.

Jumamosi mkokoteni uliokodiwa ulitangulia, yeye akafuata kwa miguu akiwa na tai, na mkewe kando yake katika gauni la zambarau lililofanya hata wasukuma mikokoteni wampishe. Ukumbi ulikuwa umefagiwa. Meza kumi na mbili zilipangwa safu tatu, na kila meza ilikuwa na waya wa umeme. Mama Chapa alikuwa mbele na daftari. Pembeni yake alisimama Mfadhili.

Alikuwa Mfadhili kwelikweli. Suti nyeusi, viatu vya kung'aa, mikono nyuma, uso usioonyesha furaha wala uchungu. Alizunguka kila meza kimya. Alizigonga mashine kwa kifundo cha kidole akisikiliza mlio, akapima marefu na mapana kwa shubiri, na kwa moja alinong'ona kwamba imekaa vizuri, mtu angelala humo bila taabu. Fundi Pole aliona hayo ni mambo ya wakubwa. Hakujua kwamba huyo alikuwa shemeji wa mkunga, muuza majeneza wa mtaa wa juu, na kwamba hiyo ndiyo suti yake ya kazi.

"Ziwashwe," alisema Mfadhili.

Zikawaka zote. Msusi akapiga makofi. Fundi Pole akainama kidogo, kama mtu aliyezoea.

Ndipo Mama Chapa akasema kwamba sasa wanafunzi wa kwanza wataingia wazijaribu, akafungua mlango wa pembeni.

Aliingia mkunga. Nyuma yake mpiga picha, halafu fundi cherehani, na wengine baada yao, mmoja mmoja, wamevaa nadhifu kama watu wanaokwenda kupigwa picha. Hakuna aliyeuliza akae wapi. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye mashine yake, akavuta kiti, akaandika neno lake la siri. Ukumbi ulijaa mlio wa vibofyo, kisha ukajaa pumzi. Mpiga picha alikuwa akifungua harusi moja baada ya nyingine akizihesabu kwa sauti. Mkunga aliita majina ya watoto kama anayeita darasa.

Jasho lilimtoka Fundi Pole mahali ambapo hakujua kuna matundu. Lakini hakuwa mtu wa kuanguka kwa pigo la kwanza. Alikohoa, akaomba nafasi aseme neno, akatoa uso wake wa huzuni. Aliwaambia kwamba ndiyo, magamba ni yao, hilo hakatai, walimpa wenyewe ayatupe. Ila diski za ndani ni zake, mpya, amezitafuta kwa jasho lake. Na kama zimekutwa na vitu vyao, basi huo ni utaalamu, kuna vyombo vya kisasa vinavyovuta mambo ya zamani kutoka kwenye gamba, si rahisi kumweleza mtu asiye fundi. Alilisema vizuri. Wawili watatu walianza kutazamana, na hata Mfadhili alionekana kusadiki.

Mzee Saa hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekaa safu ya nyuma, miwani imemteremka, anatafuta kitu kwa kidole kimoja. Akakipata. Sauti ya mwanamke ikatoka, kubwa, ikajaa ukumbi.

"Umeleta nyingine," ilisema sauti. "Hii nayo haina mishale. Saa isiyo na mishale ni sahani, baba, na sahani tunazo. Nakuuliza, na unijibu kama mtu mzima, hii saa itatuonyesha nini?"

Hapo kwenye rekodi palikuwa na kimya kirefu. Mzee Saa alikuwa ameweka kiganja juu ya mashine.

"Itatuonyesha tulivyo wajinga," alisema Fundi Pole, kwa mazoea tu, akili yake ikiwa kwingine. "Njoo ule."

"Itatuonyesha tulivyo wajinga," ilisema sauti. "Njoo ule."

Kisha mkunga alianza kucheka, kicheko cha tumboni, na fundi cherehani akafuata, na kikaenea meza hadi meza mpaka Mfadhili akalazimika kugeukia ukutani, mabega yakimtikisika ndani ya suti. Mzee Saa alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, na hakujali kinachoonekana ni kipi.

Mama Chapa alisubiri waishe. Akafungua daftari, akatoa vile vijikaratasi, akasoma kimoja kwa sauti ya mahakamani: mimi fundi niliyetia saini hapa nimepokea mashine hii, mali ya mwenyewe, ili niitengeneze bure na kuirudisha ikiwaka. Saini kumi na moja, zote zinasomeka. Akaeleza kwamba ndani ya miezi minne watu kumi na mmoja walikuja barazani kwake kuandikiwa malalamiko, na kila lalamiko lilianza na maneno "aliniambia pole sana". Angeweza kuyapeleka mahakamani. Lakini yeye aliikalia mahakama miaka thelathini na anajua mwendo wake. Watoto wa mkunga wangeoa kabla shauri halijatajwa. Akaona ni nafuu kuandika barua moja.

"Yangu ilikuwa na waya uliochomoka," aliongeza. "Niliuchomoa mwenyewe."

Fundi Pole alitazama mlango. Ulikuwa mbali, na kati yake na mlango alisimama mkunga. Akamtazama mkewe. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote: lile gauni la zambarau, na yeye humo ndani kasimama wima, akimtazama mumewe bila kupepesa. Alifikiri, kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, kwamba kuna mtu anayestahili kupewa pole, na hakuweza kuitamka.

Mama Chapa naye aliliona lile gauni. Akafunga daftari.

"Basi," alisema, akiinua sauti ili isikike hadi nyuma. "Tumshukuru fundi wetu. Amezitengeneza zote, kwa mkono wake, bila sidii na bila malipo. Mji huu haujapata kuona."

Wakampigia makofi. Walimvika kilemba cha ukoka wakakikaza mpaka masikioni. Mpiga picha alimpiga picha akiwa katikati ya mashine. Mfadhili alimpa mkono, akaushika kwa muda mrefu akimkadiria urefu. Kila aliyepita mlangoni alimwambia atawaleta jamaa zake, maana fundi mwaminifu siku hizi ni wa kutafutwa kwa tochi. Mzee Saa alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele yake, mashine kaikumbatia kwa mikono miwili. Akamwambia aje dukani siku moja, kuna rekodi nyingine ambazo hajazisikia.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mume na mke, kwenye upande wa kivuli. Fundi Pole alikuwa akitunga. Alikuwa tayari na nusu ya maelezo, kuhusu Mfadhili aliyebadili nia na chuo kilichoahirishwa, na alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Mama Chapa alitaka aandike mashine kumi," alisema msusi. "Nikamwambia hapana, mama, andika kumi na mbili. Kumi na moja nimezihesabu mwenyewe, na yako wewe, mama, itakuwa ya kumi na mbili."

Fundi Pole alisimama. Mkewe aliendelea hatua mbili, akageuka.

"Marehemu mke wa Mzee Saa nilimsuka miaka sita," alisema. "Kila Alhamisi. Siku moja namsuka mtu, namsikia yeye anagomba upande wako wa ukuta. Niliangusha kitana. Mteja alikimbia nusu kichwa hakijasukwa, mpaka leo hajarudi. Nilipopata nguvu za kuingia, nikakuta wewe umetoka na mashine inaongea peke yake, na kopo liko wazi."

Fundi Pole akamwuliza kwa nini hakusema. Msusi akamjibu kwamba angesema, mumewe angempa maelezo, na maelezo ya mumewe ni mazuri mno, angeweza kuyaamini.

Kisha akampa habari za Jumatatu. Watu sita, saa mbili kamili. Amewaambia ni bure. Fundi Pole akauliza, kwa sauti ndogo, ni bure mpaka lini, na msusi akasema bado hajaamua.

Jumatatu hiyo wa kwanza kufika alikuwa muuza majeneza, safari hii na mashine yake kweli, na ugonjwa wa kweli: maandishi meupe kwenye weusi, kisha kimya. Fundi Pole alifungua kinywa kuuliza habari za sidii, akasikia kitana kikisimama upande wa pili wa ukuta. Akafumba kinywa. Akazima mashine, akaiwasha tena huku amekandamiza kibofyo kimoja cha juu, kile anachokijua kila fundi, nayo ikajirekebisha yenyewe kwa robo saa wakiitazama.

Muuza majeneza alishangaa kupita kiasi. Alisema hawezi kuondoka bila kutoa shukrani, na kwa kuwa fedha imekatazwa, basi atampa alicho nacho. Siku yake ikifika, siku ambayo hatuiombei, boksi ni juu yake, la bei ya juu, lenye vishikio vya shaba, na achague mbao sasa hivi ili asije akasahau.

Fundi Pole akavua kofia, bisibisi ingali mkononi.

"Mbao ngumu," alijibu mkewe kutoka ng'ambo ya ukuta, akiendelea kusuka. "Yeye ni mzito kuliko anavyoonekana."